Msilisahihishe Jiwe

Wengi wenu mmeshanisikia juu ya jiwe hili la kaburi, lenye maandishi ya Kilatini cha kale. Nivumilieni, maana juzi nimeona daftari la mwanafunzi aliyenakili sawasawa kabisa “filios Barbati”, yaani “mwana wa Barbatus”, na kalamu nyekundu ya mwalimu wake ikakata “filios” na kuandika juu yake “filius”. Imeniuma.

Jiwe lenyewe limetoka kaburi la ukoo wa Scipio, kando ya barabara ya Via Appia, Roma. Marehemu ni Lucius Cornelius Scipio, konsuli (mtawala mkuu wa Roma) wa mwaka 259 KK, mwana wa Barbatus. Kwa Kilatini cha darasani, “filios” ni wana, wengi, tena wako kwenye nafasi ya yambwa. Hapa jiweni ni mwana mmoja, naye ndiye kiima. Mchongaji hakukosea! Mwisho tuujuao wa “-us” zamani ulikuwa “-os”.

Sogeeni karibu zaidi. “Duonoro optumo fuise viro”: kwamba miongoni mwa watu wema, huyu alikuwa mwema kupita wote. Wanafunzi wakiona “viro” huniambia upesi, “kwa mtu”. La, ni “virum”, yaani “mtu” akiwa yambwa. Ile M ya mwisho ilitamkwa kwa udhaifu hata ikaachwa. “Duonoro” ndiyo “bonorum”, yaani “ya watu wema”. Halafu linafuata jina, “Luciom Scipione”: la kwanza lina M, la pili halina, na mtu ni yuleyule! Sisi wa mtu-watu, kitu-vitu, jicho letu limezoea kichwa cha neno. Kilatini kinalitaka mkiani, na mkia wenyewe hauandikwi namna moja.

Mtaniuliza: basi kila mtu aandike apendavyo? Sijasema hivyo. Kwenye mtihani andika “filius”. Lakini ukinakili jiwe, nakili jiwe. Ukilisahihisha umelifutia umri wake.

Mengine nayataja mbiombio. “Servos”, yaani “mtumwa”, ilishikilia O yake muda mrefu, kwa sababu V na U zilikuwa herufi moja na waandishi walikwepa kuziweka mbili mfululizo. “Fili”, yaani “ya mwana”, kwa I moja, ndiyo iliyokuwa kawaida kabla ya “filii”. “Coelum” badala ya “caelum”, yaani “mbingu”? Hilo sasa ni kosa kweli, la watu waliodhani neno limetoka Kigiriki.

“Domus”, neno la “nyumba” nililowaahidi, haitawezekana leo, muda umekwisha. Picha ya jiwe naiacha hapa mezani. Piteni mhesabu M za mwisho wa maneno ziko ngapi.