Farasi Mwitu Hazoei kwa Usiku Mmoja

MHARIRI: Karibuni wasikilizaji. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto, na mwenzangu hapa ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekulia Lamu, ambako punda ni wengi kuliko magari. Leo tunazungumzia aina moja tu ya hadithi, ile ya mtoto na farasi mwitu aliyewashinda watu wazima wote. Nianze kwa kukiri kwamba mezani kwangu upo mswada wa namna hiyo, na kwamba mimi na mwandishi wake tumevutana kwa wiki tatu kwa ajili ya kurasa nne. Nitaueleza baadaye.

MWALIMU: Ahsante, dada. Watoto wa darasani kwangu wanazipenda mno hadithi hizi, ingawa wengi wao hawajapata kumwona farasi ana kwa ana. Nadhani wanachokipenda si farasi peke yake. Wanapenda kuona kwamba kuna kiumbe mwenye nguvu kuliko baba na babu, na kwamba kiumbe huyo amemkubali mtoto.

MHARIRI: Na asili yake ni ya zamani sana. Plutarko, Mgiriki aliyeandika yapata miaka 400 baada ya tukio lenyewe, anasimulia jinsi Filoniko wa Thesalia alivyompelekea Mfalme Filipo wa Makedonia farasi aitwaye Bukefalo, akamtaka bei ya talanta 13, fedha nyingi mno kwa siku zile. Farasi alimkataa kila aliyejaribu kumpanda, na mfalme akaamuru arudishwe. Aleksanda, mwana wa mfalme, alikuwa angali kijana, naye akasema waziwazi kwamba wanampoteza farasi wa thamani kwa kukosa ustadi. Baba yake akamuuliza kama anajiona mjuzi kuliko wakubwa zake, na kijana akaahidi kulipa bei yote mwenyewe endapo atashindwa.

MWALIMU: Hapo darasa zima hunyamaza, kwa sababu kila mtoto anajua uzito wa kumjibu mzazi mbele za watu.

MHARIRI: Lakini ninachokipenda mimi ni kinachofuata. Aleksanda alikuwa ametambua kwamba farasi anakiogopa kivuli chake mwenyewe kinachochezacheza mbele yake, basi akamshika hatamu akamgeuza alielekee jua. Akatembea naye kidogo, akampapasa, akaliacha joho lake lianguke polepole chini, ndipo akampanda, na hata alipokwisha kumpanda hakumpiga wala hakumvuta kinywa kwa nguvu. Alimwacha aende shoti pale tu alipoona hofu imemtoka. Kwa maoni yangu, ustadi wote wa hadithi hii uko katika joho lile. Msimuliaji wa haraka angelisahau, ilhali nguo inayopepea ni kitisho kikubwa kwa farasi kuliko fimbo.

MWALIMU: Hata hivyo, niruhusu nikupinge kidogo. Bukefalo aliletwa kuuzwa na mfanyabiashara, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuishi na watu. Aleksanda alimtuliza farasi aliyeogopa, na jambo hilo linaweza kufanyika kwa muda mfupi. Kumzoesha farasi aliyezaliwa porini, ambaye hajapata kuguswa na mkono wa mtu, ni kazi ya namna nyingine. Watunzi wengi wa hadithi za watoto wameichukua saa moja ya Bukefalo wakaibandika kwa farasi wa porini, na matokeo yake ni yule mtoto anayeimba wimbo mmoja usiku, na asubuhi farasi anamfuata kama mbuzi.

MHARIRI: Na analia machozi. Miswada ninayoletewa ina farasi wengi wanaolia machozi, na kila mara mimi huyafuta.

MWALIMU: Uyafute tu. Ukitaka kujua moyo wa farasi, utazame masikio yake. Yeye ni mnyama anayewindwa, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya kukimbia kabla ya kuuliza. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa mahali pawili: nyuma yake kabisa, na sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso wake. Sisi macho yetu yanatazama mbele, kama ya simba. Mtu anayemwendea farasi kwa kumkazia macho na kumnyooshea mkono usoni anafanya kila kitu ambacho simba angefanya, halafu anashangaa kwamba mapenzi yake hayaonekani.

MHARIRI: Basi tueleze anayejua hufanyaje, kwa sababu hapo ndipo waandishi wanaponikwamia.

MWALIMU: Humwendea kwa upande wa bega, kwa mwendo wa kupinda, bila kumkodolea. Hufika mahali ambapo shingo ya farasi inainuka na masikio yanakakamaa, na hapo husimama. Hangojei farasi aje. Anachongojea ni dalili ndogo mno: shingo inateremka kidogo, sikio moja linageuka, midomo inatafunatafuna ilhali hakuna chakula kinywani. Dalili ile ikitokea tu, mtu ndiye anayerudi nyuma hatua mbili tatu na kugeuka pembeni. Farasi anajifunza kwamba akitulia, mtu humwondokea, na hilo ndilo jambo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Kesho yake mtu atafika hatua moja mbele zaidi kabla shingo haijainuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumzoesha farasi ni kuondoka, na kuondoka kwa wakati wake.

MHARIRI: Na kuondoka si tendo la shujaa, ndiyo sababu waandishi hawalitaki.

MWALIMU: Hawalitaki. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hilo na punda, nikiwa na umri wa miaka tisa. Mjomba wangu alimnunua punda dume aliyekwisha kuteswa na mwenyewe wa kwanza, ambaye alikuwa na desturi ya kumpinda sikio ili asimame. Nilitaka kumfunga shogi siku ileile, nikamwendea kwa nyuma, akanipiga teke la paja nikaanguka karibu na pipa la maji. Nilitarajia mjomba amchape, naye hakumgusa. Badala yake aliniamuru kila siku nikitoka chuoni, yaani madrasa, niketi karibu na lile pipa, nimpe punda mgongo, na beseni la pumba liwe kando yangu, bila kumwita wala kumtazama. Siku za kwanza alikula mimi nikishaondoka. Baadaye akawa anakula nikiwapo, huku kila nikikohoa anaruka. Sikuhesabu siku, lakini nakumbuka alasiri moja nilisikia pumzi ya moto shingoni, yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, na nilijua kwamba nikigeuka nitaanza upya.

MHARIRI: Hukugeuka?

MWALIMU: Sikugeuka, dada, ingawa mate yake yalikuwa yakinitiririkia ndani ya kanzu. Na sikio lile sikuligusa hadi mvua nyingine zilipoanza.

MHARIRI: Umenikumbusha kisa cha punda wa dobi, kilichomo katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Punda anaponea chupuchupu kwa simba, kisha anarudi kwa kudanganywa na sungura, na safari ile anauawa. Sungura anaula moyo na masikio, halafu anamwambia simba kwamba mnyama yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

MWALIMU: Na ukweli ni kinyume chake, kwa sababu punda akitishwa mahali huweza kupakumbuka kwa miaka. Watu wa pwani tunasema shukrani ya punda ni mateke, nami tangu siku ile methali hiyo huisema kwa kusitasita.

MHARIRI: Twende Marekani, maana huko ndiko hadithi hizi zilikoota mizizi. Jambo ambalo watoto hawaambiwi ni kwamba wale wanaoitwa farasi mwitu wa Marekani, kwa hesabu ya wanazuoni, si wa mwitu wa asili. Farasi walitoweka katika bara lile yapata miaka 10,000 iliyopita, na waliopo leo ni kizazi cha waliopelekwa na Wahispania kuanzia mwaka 1493, pamoja na wengine waliotoroka baadaye au kuachiliwa. Wao ni watoro waliozaa porini. Farasi anayehesabiwa na wengi kuwa hakuwahi kufugwa na mtu, ingawa wanazuoni wengine hulipinga hilo, ni yule wa Mongolia anayeitwa taki, ambaye alitoweka porini katika miaka ya 1960 na akarudishwa huko kuanzia mwaka 1992 kutoka mabustani ya wanyama.

MWALIMU: Kwangu mimi hilo halipunguzi utamu wa hadithi, bali linaongeza. Mtoto anayemzoesha mtoro anamrudisha katika ujuzi ambao mababu wa farasi yule waliwahi kuwa nao.

MHARIRI: Nakubali, ingawa wauza vitabu hulipenda zaidi neno mwitu. Chukua mfano wa Misty, farasi mdogo aliyejulikana kwa watoto wengi kupitia kitabu cha Marguerite Henry cha mwaka 1947. Katika kitabu, mtoto huyo wa farasi anatoka katika kundi la kisiwa cha Assateague, pwani ya mashariki ya Marekani, ambalo hadi leo huvushwa kwa kuogelea hadi kisiwa jirani cha Chincoteague kila mwezi Julai, na baadhi ya watoto wa farasi hunadiwa ili kukichangia kikosi cha zimamoto. Misty halisi alizaliwa mwaka 1946 katika shamba la familia moja ya Chincoteague. Yaani mwitu wake uliandikwa na kalamu.

MWALIMU: Na watoto wakiambiwa hivyo?

MHARIRI: Wengine huhuzunika. Lakini kalamu hiyohiyo ina sifa nyingine ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 1950 huko Nevada, karani mmoja mwanamke aitwaye Velma Johnston aliliona lori linalochuruzika damu, akalifuata, akagundua kwamba limebeba farasi wa porini wanaopelekwa kuchinjwa kwa ajili ya chakula cha wanyama wa kufugwa. Wakati ule farasi walifukuzwa kwa ndege na malori hadi wakaishiwa pumzi. Kampeni yake ilizaa sheria ya mwaka 1959 iliyokataza kuwawinda kwa vyombo vya moto katika ardhi ya umma, na hatimaye sheria ya mwaka 1971 iliyowalinda farasi na punda wa porini. Waliolijaza Bunge kwa barua walikuwa pamoja na maelfu ya watoto wa shule, na siamini kwamba wangeandika barua hizo kama hawakuwa wamekulia katika hadithi hizi tunazozijadili.

MWALIMU: Na sheria ile ikaleta tatizo lake, kwani makundi yaliongezeka na serikali huwakamata wengi. Makumi ya maelfu ya farasi na punda wanalishwa katika mazizi na malisho ya kukodi. Raia wanaruhusiwa kumchukua mmoja na kumtunza, na hati ya umiliki hupatikana baada ya mwaka mmoja wa kumtunza vizuri. Ningependa kusoma hadithi ya mtoto yenye mwaka mmoja ndani yake, wenye kwato za kukatwa, minyoo ya kutibiwa na bei ya majani makavu.

MHARIRI: Iandike wewe, Mwalimu, nami nitaihariri bila huruma. Lakini kabla ya hapo, kwa nini sisi Afrika Mashariki hatuna hadithi hizi? Farasi yumo katika ngano zetu, lakini ni wa sultani, na huja akiwa amekwisha kutandikwa.

MWALIMU: Sababu kubwa ni maradhi. Mbung'o huleta nagana, yaani malale ya wanyama, na visubi hueneza homa ya farasi ya Afrika, inayoweza kumuua mnyama mzima kwa siku chache. Farasi wa kuletwa hakudumu sana katika nchi hizi. Tuliyekuwa naye ni pundamilia, na wapo waliojaribu. Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyekuwa miongoni mwa matabibu wa mwanzo wa Nairobi, alikuwa akiwatembelea wagonjwa wake akiwa amempanda pundamilia. Ni kweli, picha zake zipo. Lakini pundamilia mmoja aliyekubali hakuwafanya wenzake wakubali. Pundamilia ni mwepesi kushtuka, huinamisha kichwa akikiona kitanzi cha kamba, na akiuma haachii upesi.

MHARIRI: Kwa hiyo hadithi yetu ingekuwa ya punda.

MWALIMU: Ndiyo, na kwa haki kabisa, kwa sababu utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba punda alianza kufugwa upande huu wa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, kabla farasi hajafugwa. Mtu wa kwanza aliyempa mnyama yule mgongo na kungoja huenda alikuwa jirani yetu.

MHARIRI: Sasa nimalizie deni langu la mwanzo. Katika ule mswada, msichana wa miaka kumi na mmoja anaingia zizini na kuketi chini, akimpa farasi mgongo, na kwa kurasa nne hakuna kinachotokea. Inzi wanatua, jua linahama kutoka ukutani, shangazi anamwita kula naye haitiki. Mwandishi alitaka kuzikata, akihofia kwamba watoto watachoka, na badala yake aweke dhoruba na radi.

MWALIMU: Nawe ukakataa.

MHARIRI: Nilikataa radi. Tulikubaliana kwamba ukurasa wa tatu apunguze inzi.

MWALIMU: Na farasi?

MHARIRI: Mwisho wa ukurasa wa nne anainusa kofia yake, kisha anaondoka nayo.