Ngome ya Prague: Hadithi na Mawe Yake

Ndugu wasikilizaji, nianze na njia, maana ziara ya Hradčany, mtaa wa kilimani penye ngome hii, huharibikia langoni. Wageni wengi hupanda kutoka Daraja la Charles karibu na adhuhuri, wakafika juu hoi na kukuta umati umeziba lango la magharibi: saa sita kamili walinzi hubadilishana zamu kwa tarumbeta. Panda tramu namba 22, shuka kituo cha Pražský hrad, uingie kwa upande wa kaskazini. Majengo hufunguliwa saa tatu asubuhi; fika mapema. Jumapili asubuhi kanisa kuu lina ibada, watalii husubiri hadi mchana.

Hilo kanisa, la Mtakatifu Vitus, ndilo la kwanza kuingia. Ujenzi ulianza 1344 ukaisha 1929: upande wa mashariki ni wa enzi za kati, ule wenye minara miwili pacha ni wa juzi tu. Ndani kuna kikanisa cha Mtakatifu Wenceslas, ambacho utakitazama ukiwa mlangoni. Kutoka humo ndipo huendewa chumba cha taji la wafalme wa Kicheki, chenye makufuli saba na wenye funguo saba.

Husemwa kwamba atakayelivaa taji bila haki hafikishi mwaka. Reinhard Heydrich, aliyeitawala nchi kwa niaba ya Hitler, alioneshwa hazina hiyo Novemba 1941, akafa tarehe 4 Juni 1942. Waongoza watalii hupenda kuongeza kwamba alilijaribu kichwani. Ushahidi hakuna, na kilichomuua ni bomu la wapiganaji wa Kicheki na Kislovakia waliofunzwa Uingereza.

Ukitoka, ingia Kasri la Kale. Kwenye Ukumbi wa Vladislav tazama ngazi za wapandafarasi: vidato vipana, vifupi kwa kimo, ili farasi apande hadi ukumbini kwa mashindano. Chumba cha jirani kina dirisha la 23 Mei 1618. Waprotestanti waliwatupa nje magavana wawili wa Kikatoliki na karani wao, mita 20 hivi, na wote watatu wakapona! Wakatoliki walisema Bikira Maria aliwadaka. Wapinzani wao wakasema waliangukia lundo la samadi. Chungulia chini kabla ya kuchagua upande. Mimi naona mteremko wa ukuta na majoho mazito yanatosha kueleza. Vita vilivyofuata vilidumu miaka 30.

Kichochoro cha Dhahabu kiwe mwisho. Wanaalkemia wa mfalme Rudolf II, wale watafuta dhahabu wanaosimuliwa, hawakuishi pale. Vijumba vilijengwa kwa ajili ya walenga shabaha wa ngome. Namba 22 mwandishi Franz Kafka aliitumia kuandikia, majira ya baridi ya 1916 na 1917. Milango ni mifupi, inama.

Toka kwa lango la mashariki, ushuke ngazi hadi kituo cha metro cha Malostranská. Mvua ikinyesha mawe yale huteleza, basi vaa viatu vyenye soli ya kushika.