Loraida si magari ya magenge: historia yake kutoka East Los Angeles

Wadau, habari za huko nyumbani? Karibuni tena kwenye chaneli. Leo nipo East Los Angeles, na nazungumzia yale magari mnayoyaona kwenye video za rap za pwani hii ya magharibi ya Marekani: Chevrolet Impala ya zamani, rangi inawaka, gari limelala karibu liguse lami, halafu ghafla pua inaruka juu. Yanaitwa loraida. Wengi mmeniandikia kwamba hayo ni magari ya magenge. Hapana, jamani. Nimekaa na wazee wenye magari haya, na neno hilo linawauma.

Wenye utamaduni huu ni Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa mitaa hii, wengine wametoka jeshini, walinunua magari yaliyokwisha tumika. Wakati huo vijana wa Kizungu walikuwa wanatengeneza magari ya mbio. Wachicano wakaenda kinyume: mifuko ya mchanga kwenye buti, springi zinakatwa, gari linashuka, na mnapita polepole mtaa mzima uwaone. Kwa Kihispania chao wanasema bajito y suavecito, chini na taratibu.

Mwaka 1958 California ikaleta sheria: sehemu yoyote ya bodi isishuke chini ya rimu. Polisi wakapata sababu ya kusimamisha watu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre, kijana wa San Bernardino, akaifungia Corvette yake, gari la michezo, pampu za haidroliki, yaani za kusukuma mafuta ya kuinua gari, vifaa vilivyotoka kwenye ndege. Anabonyeza swichi, gari linashuka. Akimwona askari, anabonyeza tena, gari linapanda mpaka kimo kinachokubalika. Yaani ule mruko mnaoushangilia ulianza kama njia ya kukwepa faini! Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndiyo maana sikubali mtu aniambie ni fujo za vijana.

Fundi mmoja alinifungulia buti niangalie. Betri zimepangwa safu, zimekazwa kwa mikanda ya chuma. Pampu zina kromu, unajiona uso. Mipira ya mafuta inatoka pale kwenda kwenye silinda za magurudumu, na huoni waya hata mmoja uliolegea. Kwenye rangi ndiyo usiseme: rangi ya msingi, juu yake chembe za kumetameta, kisha tabaka baada ya tabaka za rangi angavu wanayoiita kendi, na mwishoni vanishi, inayosuguliwa kwa mkono kwa msasa wa maji. Kazi hiyo inakula miezi.

Gari maarufu kuliko yote ni Gypsy Rose, Impala ya 1964 ya Jesse Valadez wa klabu ya Imperials. Ni ya waridi, imechorwa maua ya waridi kwa mkono bodi nzima. Mwaka 2017 ililetwa Washington ikaonyeshwa kwenye kasha la kioo, ikaingizwa kwenye rejista ya taifa ya magari ya kihistoria.

Klabu zenyewe zina nidhamu kali. Ule ubao wa chuma wenye jina la klabu kwenye kioo cha nyuma haununuliwi dukani. Gari lako likaguliwe, na tabia yako pia. Klabu ya Dukes, iliyoanza 1962, ilimsaidia Cesar Chavez, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, kuchangisha fedha za chama hicho. Magenge gani hayo?

Hata hivyo barabara zilifungwa. Whittier Boulevard, njia yao kuu, ilifungwa 1979. National City, kule karibu na San Diego, ikapiga marufuku misafara ya loraida 1992. Watazamaji wa Nairobi mtanielewa haraka, mnakumbuka Kanuni za Michuki za 2004, za usafiri wa umma, zilivyofuta michoro ya matatu. Huku imechukua mpaka Januari 1, 2024 ndipo sheria mpya ya jimbo ikafuta marufuku za miji, pamoja na kile kipengele cha 1958. Walioipigania ni haohao wenye klabu, wakienda kwenye vikao vya halmashauri mwaka hadi mwaka.

Kuna aliyeuliza kama mtu wa nje anaweza kuingia. Weusi wa South Central, mitaa ya kusini mwa Los Angeles, wamo humu tangu zamani, na Japani kuna klabu zao. Lakini huanzi na ubao. Unaanza kwa kuja, kusalimia, kushika msasa. Na tafadhali, usiguse gari la mtu bila ruhusa, hata kwa kidole.

Video ijayo nitakuwa kwa mchoraji wa mistari ya urembo kwenye magari haya, amekubali nimrekodi akiwa kazini. Maswali yenu ya rangi na haidroliki yaandikeni hapo chini, nitamfikishia.