Wadada wa Kimormoni wanalipwa shilingi ngapi? Mwulizeni Inez Knight

Haya ndugu zangu wa nyumbani, swali lenu mmelirudia mpaka nimeshindwa kulikwepa: wale wadada wa Kimormoni, wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaotembea wawili wawili na beji ya jina kifuani, wanalipwa shilingi ngapi? Najua kuna atakayesema nimebadili dini, na mwingine kwamba naringa kwa kuwa naishi Utah, Marekani. Semeni tu. Mimi najibu nilichoulizwa.

Hawalipwi. Wanajilipia wenyewe, na ndivyo ilivyokuwa tangu wa kwanza wao.

Wa kwanza mmoja ni Inez Knight, mzaliwa wa Payson hapa Utah. Alikuwa na miaka 21 alipowekewa mikono kuwa mmisionari tarehe 1 Aprili 1898 pamoja na rafiki yake Jennie Brimhall. Kabla yao wake za wamisionari walikwenda wakiwafuata waume zao. Hawa wawili hawakuwa na waume, na walipewa cheti cha utume kwa majina yao wenyewe. Mliohangaika na makaratasi ya ugenini mnajua tofauti ya kuingia nchi ya watu kama mke wa fulani na kuingia kwa jina lako.

Nauli ya treni na meli hadi Liverpool, Uingereza? Familia. Baba yake, Jesse Knight, aliweka shamba rehani akachimba mgodi wa Humbug, na mwaka 1896 akapata madini ya fedha. Hili nalisema kwa heshima zote: mlango ulifunguka kwanza kwa mabinti wa wenye uwezo.

Uingereza walihitajika kwa sababu moja. Watu kule walisimuliwa kwamba wanawake wa Utah ni mateka wa ndoa za mitala, ingawa kanisa lilitangaza kuziacha mwaka 1890. Mwanamume akikanusha, nani atamwamini? Basi asimame mwanamke mwenyewe aseme. Mchana walipita nyumba kwa nyumba: kugonga, kujitambulisha, kuacha kijitabu cha dini. Kisha mikutano ya barabarani, wimbo kwanza ili watu wakusanyike, sala, ndipo hotuba. Hatari ilikuwa hapo hapo kwenye kukusanyika. Bristol, umati uliwaandama Inez na mwenzake ukiwarushia mawe na uchafu, wakakimbilia polisi. Jennie alirudi mapema kwa sababu ya afya, Inez akabaki hadi 1900.

Kinachoniudhi ni watu kuishia hapo. Huyu mama baadaye aligombea useneti wa jimbo kwa tiketi ya Democratic, na mwaka 1924 akawa mjumbe wa mkutano mkuu wa taifa wa chama. Wanawake wa Utah walipata kura 1870, Bunge la Marekani likawapokonya 1887, wakairudisha 1896 Utah ilipokuwa jimbo kamili. Inez alikulia katikati ya vuta nikuvute hiyo.

Sasa mnaotaka kwenda: utume wa wadada ni miezi 18, wa wanaume 24. Tangu 2020 familia za Marekani huchangia dola 500 kwa mwezi. Msizibadilishe kwa shilingi mkakata tamaa, kwa nchi nyingine kiwango si hicho. Muulizeni kiongozi wa tawi lenu la kanisa kabla ya kuuza chochote, maana mfuko wa kila nyumba ni wake.