Aliyechonga Uso wa Mfalme

Nimeshalisema mara nyingi na leo nalirudia: mchongaji wa picha, yule anayekata mistari kwenye bamba la shaba ili ipakwe wino na kupigwa chapa kwenye karatasi, si mwigaji. Nikisikia mtu anasema "hizo ni nakala tu," damu inanichemka.

Mchukueni Robert Nanteuil, mzaliwa wa Reims, ambaye kuanzia 1658 alikuwa mchoraji na mchongaji wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Anaketi mbele ya mfalme mwenyewe na chaki zake za rangi, anauchora uso ulio hai. Kisha anarudi kwenye bamba lake la shaba nyekundu, na hapo ndipo nawaomba mnisikilize. Bamba limelazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Kalamu ya chuma imekaa kiganjani, inasukumwa mbele, haivutwi. Akitaka mstari upinde, mkono wa kulia unatulia; wa kushoto ndio unaozungusha bamba. Kulia anakuchonga kushoto, maana karatasi itageuza kila kitu. Na chuma kikiteleza? Hakuna kifutio. Unakwangua shaba, unapindua bamba, unaligonga kwa nyuma hadi shimo lipande, unaanza upya.

Sasa lisogelee shavu la mfalme. Ni vijistari vifupi na vitone, vinakonda kadiri vinavyoelekea kwenye mwanga, mpaka panapong'aa pamebaki karatasi tupu. Ngozi ya binadamu, kwa wino mweusi peke yake! Huyo ni mwigaji?

Mtaniambia: Nanteuil alichora mwenyewe, lakini Pierre Drevet je, aliyechonga mfalme kutoka kwenye picha ya rangi ya mchoraji Hyacinthe Rigaud ya 1701? Haya. Rigaud alikuwa na buluu ya joho na dhahabu ya maua yake. Drevet alikuwa na mistari tu, na bado mahameli ikabaki mahameli, manyoya yakabaki manyoya.

Louis mwenyewe alilielewa hili. Mwaka 1660, akiwa katika mji wa Saint-Jean-de-Luz alikokwenda kuoa, alitoa amri kwamba uchongaji ni sanaa huru, wachongaji wasifungwe na sheria za vyama vya mafundi. Alikuwa na miaka 21.

Muda umenibana, mchongaji mwenzao Gérard Edelinck namwacha. Ila Claude Mellan simwachi. Mwaka 1649 alichonga uso wa Yesu kwa mstari mmoja usiokatika, unazunguka, hapa mnene, pale mwembamba. Nakala ndiyo hii, ipitisheni. Tafuteni ncha ya pua, mstari unaanzia hapo.