Nagasaki nani aliweka masharti?

Asanteni, kaeni, kaeni. Wanaonijua wanajua nitakachosema na naona wengine mmeshaanza kucheka, ila nitasema tu mpaka mchoke. Kila tukizungumzia Ulaya na nchi za mbali tunaanza na meli, mizinga, na Mzungu anayeamrisha. Leo twendeni Nagasaki, mji wa bandari huko Japani.

Waholanzi walipewa ruhusa ya kufanya biashara Japani mwaka 1609, na 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa cha kutengenezwa na watu hapo bandarini Nagasaki, hekta moja na nusu hivi, daraja moja tu, walinzi getini. Hapo walikaa zaidi ya miaka 200. Kutoka bila ruhusa hamna, kuleta mke hamna, mambo ya misalaba ndo kabisa usithubutu, na kodi ya pango wanalipa wao! Na hii ni kampuni gani? VOC, yaani Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, ileile ambayo 1621 iliingia visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, kutafuta kungumanga, hii hii ya jikoni kwenu, ikaua na kufukuza karibu wenyeji wote halafu ikalimisha watumwa mashamba yao. Kampuni moja, karne moja, makao yake makuu ya Asia palepale Batavia, ndo Jakarta ya leo. Shikeni hilo.

Sasa kile kisa changu, vumilieni. Kila mwaka mkuu wa Waholanzi wa Dejima ilibidi afunge safari ya karibu mwezi mzima mpaka Edo, ndo Tokyo ya leo, kumpelekea zawadi shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani. Mwaka 1691 alifuatana na daktari wa kampuni, Mjerumani Engelbert Kaempfer, na huyu bwana aliandika kila kitu. Wamefika, zawadi zimepangwa, afisa anapaza sauti "Oranda Kapitan!", yaani Kapteni wa Uholanzi, basi mkuu wa watu anatambaa kwa magoti na mikono mpaka mahali alipoonyeshwa, anainamisha kichwa mpaka kinagusa sakafu, hasemi neno hata moja, kisha anarudi kinyumenyume kama kaa. Imeisha hiyo.

Nani kasema imeisha! Wakaitwa tena ndani zaidi, shoguni Tsunayoshi na wanawake wa nyumbani mwake wamekaa nyuma ya mapazia ya matete, hawaonekani. Vueni majoho. Simameni tuwaone. Tembeeni, salimianeni, rukeni, igizeni mlevi, haya chezeni, sasa imbeni! Mkuu alisamehewa kwa heshima ya cheo chake, kwa hiyo aliyeimba ni daktari, akaimba wimbo wa mapenzi wa Kijerumani, mtu mzima na elimu yake. Na huku nyuma wale wanawake walikuwa wamepachika vijikaratasi katikati ya matete ili nafasi itanuke waone vizuri. Mimi hivyo vijikaratasi ndo vinanimaliza kabisa.

Najua kuna atakayeniambia huo si uhusiano, ni udhalilishaji. Ndugu yangu, udhalilishaji kweli, na mwaka 1692 Kaempfer akarudi palepale, akatumbuiza tena! Walikuwa wanafuata madini ya fedha, baadaye shaba, ambayo waliiuza India wakanunua vitambaa, wao wakaleta Japani hariri na sukari. Mwingine ataniambia ni dini, kwamba Waprotestanti hawakuwa na kiherehere cha kubatiza watu kama Wareno, ndo maana wakavumiliwa. Sawa, lakini angalieni walivyolipia huko kuvumiliwa: 1638 Wakristo wa Japani walioasi wamejifungia ngomeni Shimabara, Waholanzi wakaombwa mizinga, na wakawapiga Wakristo wenzao. Miaka miwili baadaye wakaambiwa bomoeni ghala lenu jipya la Hirado, kituo chenu cha kabla ya Dejima, kwa sababu mmeandika ukutani mwaka wa Kikristo. Wakabomoa. Hawakubisha. Jengo jipya la mawe!

Kwa hiyo msiniambie Mzungu ana tabia moja, Banda hivi na Nagasaki vile. Anayeweza kukufukuza utamwimbia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, haya nakimbia. Japani ilipata nini? Vitabu. 1771 Sugita Genpaku na wenzake walienda kutazama maiti ikipasuliwa huku wameshika kitabu cha Kiholanzi cha anatomia, wakakuta michoro inalingana na wanachokiona, wakaanza kutafsiri bila kamusi ya maana, sentensi moja inaweza kula siku nzima, na 1774 kitabu kikatoka. Nilitaka nikae hapo lakini basi. 1844 mfalme Willem wa Pili wa Uholanzi akamwandikia shoguni amshauri afungue nchi, maana ilikuwa imefungiwa wageni, kabla hajafunguliwa kwa nguvu, akajibiwa kwa adabu kwamba hapana, na 1853 Perry wa Marekani akaja na meli za kivita. 1855 Waholanzi haohao wakawa walimu wa wanamaji wa Japani pale Nagasaki.

Halafu 1942 Japani ikaingia Indonesia, wakati huo koloni la Waholanzi, na Waholanzi kwa makumi elfu wakawekwa kambini, wake kwa watoto. Mfalme Hirohito alipotembelea Uholanzi 1971 gari lake lilirushiwa chupa ya chai kwenye kioo. Mwanawe Akihito akaenda 2000, miaka 400 tangu meli ya kwanza ya Kiholanzi ifike Japani, akaweka shada Amsterdam. Ya kambi yanataka siku yake, sitayachezea kwa dakika mbili.

Yule bwana wa nyuma kanyoosha mkono tangu nitaje Banda. Mpeni maiki.