Mnaniuliza mbona huku hakuna maghorofa: karibuni Tottori

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli, sauti mtanisamehe leo niko nje na huu upepo si wa kitoto. Kila nikiposti mnaniuliza, mbona huko kwako hakuna yale mataa ya Tokyo, hakuna maghorofa, we kweli uko Japani au uko Kondoa unatuzuga? Haya, leo nawaonesha ninapokaa.

Panaitwa Tottori. Huu ni mkoa, Japani ina mikoa 47 na huu ndo una watu wachache kuliko yote, sensa ya 2020 ilikuta watu laki tano na nusu hivi na tangu hapo wanapungua tu. Wadau wa Zanzibar mnielewe vizuri, chukueni Unguja na Pemba muziunganishe, bado Tottori ni kubwa zaidi, ila nyie sensa ya 2022 mlikuwa karibu milioni 1.9. Sasa piga picha huo ukimya. Miji yenyewe iko minne tu. Ukitoka Osaka na treni ya ekspresi ni kama masaa mawili na nusu, mnatoboa milima weee, alafu mnatokea upande wa pili wa nchi, upande unaotazama Korea.

Na treni za huku msidhani ni zile za mwendo kasi zinazokimbia kama risasi. Behewa moja, inanguruma dizeli kama basi la Mpwapwa, dereva ndo huyo huyo kondakta. Wiki yangu ya kwanza nilifika kituo changu nikasimama mlango wa nyuma nasubiri ufunguke, kumbe vituo visivyo na wafanyakazi unashukia mlango wa mbele tu, pale kwa dereva, unamwonesha tiketi. Mimi nimesimama kistaarabu na begi langu, treni ikaondoka na mimi. Nikashuka kituo kinachofuata, kuangalia ratiba, ya kurudi ipo baada ya saa na dakika ishirini. Nikatembea.

Sasa hiki kilicho nyuma yangu. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona? Mchanga, vilima vya mchanga, kutoka mashariki mpaka magharibi kilomita 16, na bahari ile pale chini. Mto umeubeba kutoka milimani miaka na miaka ukaumwaga baharini, mawimbi na upepo vikaurudisha nchi kavu. Wajapani wanakuja hapa na mabasi, wanapanda ngamia, wanapigwa picha. Mama yangu nilipomtumia picha akaniandikia, "mwanangu umetoka kwenye vumbi la Dodoma umepanda ndege ukaende kwenye vumbi?" Nilikosa jibu.

Ila sikilizeni hii maana mimi iliniua. Zamani walipanda miti huku kuzuia mchanga usiingie mashambani, upepo ukapungua nguvu, majani yakaanza kuota juu ya mchanga. Mngefanyaje? Sisi tungeshukuru Mungu. Hawa wanakuja na mabeseni na glavu, wanafunzi, wazee, watu wa kujitolea, wanang'oa majani mche kwa mche ili mchanga ubaki mchanga! Mimi nimekua tunapelekwa shuleni na kidumu cha maji kumwagilia mti mmoja mmoja jamani, nilipoona mzee anang'oa nyasi kwa hasira nusura nimshike mkono. Lakini mvua hapa ni zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, sisi Dodoma 600 ni kwa shida, kwa hiyo wakiacha tu panageuka malisho. Alafu hapo pembeni kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Tottori cha utafiti wa ardhi kame, utakuta Wasudani, Waethiopia, wanasoma ngano inavumiliaje joto, na nje theluji inaanguka. Januari huu mchanga wote unakuwa mweupe.

Chakula nisipitilize. Kuna kaa wa baridi, msimu wake ndo umeanza mwezi huu wa kumi na moja, msione hivi, 2019 kaa mmoja, mmoja tu, alipigwa mnada yen milioni 5, yaani kwa wakati ule zaidi ya shilingi milioni 100 za kwetu. Mimi nakula vitunguu vidogo vya achari, vinalimwa kwenye mchanga huu huu, yale maua ya zambarau mnayoyaona kule ndo yenyewe. Na peasi. Peasi za huku ni za duara, kijani kibichi, ukiuma maji yanakumwagikia mpaka kiwikoni. Mwezi wa tano nilienda kusaidia shamba la mzee mmoja, kila tunda linavalishwa mfuko wa karatasi likiwa bado dogo kama zabibu, baadaye linavalishwa mfuko mwingine mkubwa. Tunda kwa tunda, mikono juu kutwa nzima. Waliokuwa shambani tulikuwa wanne, mimi ndo niliyekuwa chini ya miaka 65.

Na bado wana utani. Starbucks, ile migahawa ya kahawa ya Wamarekani, Wajapani wanaiita kwa kifupi sutaba, ilienea Japani nzima ikabaki Tottori tu haina, watu wakawa wanawacheka, gavana wao Hirai akasema sisi hatuna sutaba lakini tuna sunaba, yaani uwanja wa mchanga. Mtu akafungua mgahawa kweli, Sunaba Coffee, na Starbucks wenyewe wakaja 2015, foleni ikapigwa.

Mnaosema nitafutie kazi huko, kazi zipo, ila mjue saa kumi na mbili jioni mtaa umelala. Nyumba ya kushoto kwangu tupu, ya kulia tupu, ya mbele anakaa bibi wa miaka 88. Jana nimefungua mlango nikakuta figili nne zina udongo, majani yake yote, zimeegemezwa kwenye viatu vyangu, hakuna hodi hakuna karatasi. Nikampelekea chapati. Leo asubuhi nimekuta figili sita. Wadau, mwenye mapishi ya figili aniandikie hapo chini, maana chapati sikomi kupika na hizi haziishi.